Pumzi kwa Funguo Tatu

Kamanda Mtulya hakupandisha sauti. Aligusa tu bangili ya chuma aliyoivaa mkono wa kushoto, na mtu aliyesimama nyuma ya kiti chake akaacha kupumua.

Wajumbe wote waliona. Mtu yule aliitwa Likunda, na siku hiyo aliingizwa ukumbini kubeba mitungi ya maji ya ujumbe wa Barafuni. Mdomo wake ulifunguka, usitoe kitu. Mtungi ukamponyoka. Akapiga goti moja, kisha la pili, na taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikiwaka chini ya ngozi ya ubavu wake, hata shati halikuificha, ikazimika.

"Waheshimiwa," alisema Mtulya, "tangu juzi mnaniuliza kama hawa wa pafu ni watu au ni mali ya Barafuni. Mimi sina maneno mengi. Huyu anapumua kwa sababu Barafuni inampumulia."

"Mwashe," alisema Mkunde.

"Dada katibu, kazi yako hapa ni kuandika."

"Nimesema mwashe, Kamanda."

Mtulya akamwangalia kwanza mwenyekiti, Bi Zamzam Kilindo, kama anayemwomba aone alivyo mvumilivu. Kisha akagusa bangili tena. Likunda alivuta hewa kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, akakaa chini kidogo, akauokota mtungi, akarudi mahali pake. Hakumtazama Mkunde. Walisoma darasa moja pale Tanuri, na mama zao walipika jiko moja miaka mingi, lakini hakumtazama.

Likunda alikuwa mpimaji wa miamba, mtu huru kama yeyote mezani pale, hadi siku mgodi wa Barafuni uliposhika moto na yeye akakimbilia chini na wengine kuwatoa watu. Moshi wa siku ile ulichoma mapafu ya nusu ya wachimbaji na ya waokoaji wote. Barafuni wakawapasua, wakawatia pafu la chuma: kisanduku cha ukubwa wa kiganja kilichounganishwa na damu, kinachofanya kazi maadamu kinasikia mawimbi ya mnara wa Barafuni. Mafundi waliweka sharti hilo la mnara kwa nia njema, ili hewa ikipungua waweze kuwapunguzia wote kwa kipimo kimoja. Baadaye ndipo mtu alipogundua kwamba kinachoweza kupunguzwa kinaweza pia kuzimwa, na kwamba mtu anayejua hivyo hagomi. Tangu hapo watu wa pafu ndio waliokata barafu, na watoto wao walitiwa vya kwao wangali wachanga, kwa kuwa vumbi la chini halibakizi pafu zima.

Na bila barafu ile hapakuwa na maisha Mirihi. Tanuri ilikuwa na umeme, Bustani ilikuwa na chakula, Barafuni ilikuwa na maji. Siku walipowafukuza mabwana wa Shirika, kampuni iliyoitawala sayari, miji hiyo mitatu iliapiana urafiki na kila mmoja ukabaki na koki zake. Urafiki ule haukumaliza miaka minne. Barafuni walifunga maji walipoona umeme umepunguzwa. Tanuri wakakata umeme. Bustani mazao yakakauka na watu wakazika watoto. Ndiyo maana wajumbe walikuwa wamejifungia katika ghala la zamani la Shirika, karibu na Barafuni, wameapa kutotoa neno nje, wanatoka jasho kwa kuwa feni zilizimwa zisivujishe sauti. Walitaka katiba. Na tufani ya vumbi, ile kubwa inayofunga njia zote kwa msimu mzima, ilikuwa imeshaonekana upande wa kusini.

Yaliyo mengi walikuwa wameyamaliza. Bunge litunge sheria, Mkuu wa Muungano azitekeleze, Mahakama izipime, na kila mmoja awe na njia ya kumzuia mwenzake. Katiba ikishakubaliwa ingeandikwa ndani ya mtambo mkuu unaotawala koki zote za miji mitatu, mtambo ungeitii kama mwili unavyotii njaa, na usingefunga maji wala umeme wala hewa ya yeyote mpaka funguo tatu zigeuzwe pamoja, mmoja wa kila mhimili. Mkunde ndiye aliyeleta wazo hilo. Alikuwa amesoma miaka mingi juu ya watu waliowahi kukaa chumbani namna hii, madirisha yamefungwa, na wakatoka na taifa.

Walikwama penye viti vya Bunge. Viti vingegawanywa kwa idadi ya watu. Barafuni walitaka watu wa pafu wahesabiwe wote, ingawa hakuna hata mmoja wao ambaye angepiga kura. Bustani walitaka wasihesabiwe kabisa. Mtulya alikuwa amekwisha kusema kwamba magari yake yamewashwa na anaweza kuondoka kabla ya chakula cha mchana.

Bi Zamzam alivua miwani, akayafikicha macho yake. Ndiye aliyeongoza vita vya kuwatoa Shirika, na mkono wake mmoja ulibaki huko.

"Mkunde, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma habari za Wamarekani. Wao walikuwa na watu wa namna hii. Walifanyaje?"

Mkunde alijua jibu, na alijua kwamba jibu hilo likitamkwa halirudi. Angeweza kusema hajui. Lakini aliwahi kuwaambia wajumbe hawa kwamba taifa linalojengwa juu ya uongo halimalizi kizazi, na aliamini hivyo.

"Watumwa watano walihesabiwa watatu," alisema. "Kwa viti, na kwa kodi. Neno 'mtumwa' hawakuliandika. Waliandika 'watu wengine wote'. Majimbo yaliyokuwa na watumwa wengi yakapata viti vya ziada, na kwa viti hivyo yakawashikilia watumwa wale muda mrefu zaidi. Hawakuachiwa mpaka kwa vita, na vita vile viliua watu kama mchanga."

Alisema yote, mwanzo na mwisho. Lakini aliona kwenye nyuso zao mahali walipoacha kusikiliza. Mjumbe mmoja wa Bustani alikuwa ameshaanza kupiga hesabu kwa vidole juu ya meza.

"Tatu ya tano," alisema Mtulya polepole. "Hiyo naweza kuipeleka nyumbani."

*

Likunda alikuwa kwenye banda la magari, anapangusa vumbi jekundu kwenye vioo, Mkunde alipomkuta. Bangili ya Mtulya ilikuwa mbali, mezani kwenye chakula.

"Wamekubaliana," alisema Mkunde.

"Nilikuwa nyuma ya kiti, nimesikia." Aliendelea kupangusa. "Tatu ya tano. Najiuliza ni kipande gani cha mwili wangu kimebaki nje."

"Likunda, nisikilize. Leo mtu mmoja anaweza kukuzima kwa kidole. Katiba ikifungwa mtamboni, mnara wa Barafuni utakuwa chini ya mtambo kama koki nyingine. Zitahitajika funguo tatu, na Bunge, na hukumu. Hakuna atakayekufanyia tena kama alivyokufanyia leo."

"Hilo ni afadhali. Sikatai." Akakikunja kitambaa. "Lakini fikiri na wewe, maana ndiwe msomi. Mtulya ana roho mbaya, lakini anazeeka. Ana shinikizo la damu, analala, anasahau bangili bafuni. Siku atakayokufa, mambo yanaweza kubadilika. Hiyo mnayoandika nyinyi haizeeki. Leo ananizima mtu muovu na kila aliyemo ukumbini anaona ni uovu. Kesho nitazimwa na sheria, na watu watasema utaratibu umefuatwa."

Mkunde aliangalia vumbi jekundu kwenye kitambaa kile.

"Nasikia ni wewe utakayeiandika mtamboni," alisema Likunda kwa sauti ya chini. "Wewe peke yako."

"Ndiyo."

"Na ikishafungwa haibadiliki."

"Mpaka robo tatu ya Bunge ikubali."

"Basi andika sentensi moja. Moja tu. Kwamba pumzi ya mtu haifungwi."

"Wakubwa hawajaikubali, Likunda. Nikiandika peke yangu kitu ambacho hakuna aliyekipigia kura, nina tofauti gani na Shirika? Kesho atakuja katibu mwingine aandike ya kwake. Kitu kizima kinasimama juu ya hilo moja, kwamba wanaotawaliwa wameridhia."

Likunda alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilimchoma zaidi.

"Sisi nani alituuliza?" alisema.

*

Chumba cha mtambo kilikuwa cha baridi, na kuta zake zilitetemeka kidogo kwa maji yaliyopita ndani ya mabomba. Mkunde aliingiza ibara moja baada ya nyingine. Mtambo haukuwa na akili ya kupenda wala kuchukia. Ulisoma, ukauliza palipokuwa na utata, ukaunganisha kila neno na koki yake. Alipoandika kwamba nyumba ya mtu haitapekuliwa bila kibali, milango ya makazi yote ya miji mitatu ikabadili kufuli zake, na akasikia kwa mbali mlio wake ukienda kama mvua inayopita juu ya mabati. Alilia kidogo pale. Alikuwa ameisubiri sauti ile tangu ujanani.

Alipofika ibara ya viti aliandika kama ilivyokubaliwa: watu huru wote, na tatu ya tano ya watu wengine. Kisha, chini yake, aliandika: Hakuna mkono utakaozuia pumzi ya mtu yeyote.

Mtambo haukuuliza chochote. Sentensi ile haikuwa na utata.

Alikaa akiitazama. Kugusa mara moja kungetosha. Mawimbi ya mnara yangekuwa huru, na kule Barafuni watu mamia wangeweza kuweka sururu chini na kwenda zao wakipumua. Na Mtulya angejua baada ya saa moja. Angeondoka na maji yake kabla tufani haijafunga njia, na mtambo ungekuwa umebaki na katiba ya miji miwili yenye kiu. Aliwaza juu ya makaburi madogo ya Bustani. Aliwaza pia kwamba huenda anayawaza makaburi hayo kwa sababu ni rahisi kuliko kumwaza Likunda.

Mlango ukafunguka. Bi Zamzam aliingia, akaegemea nyuma ya kiti, akasoma.

"Hiyo hatukuipitisha," alisema mwishowe.

"Hapana, mama."

"Ni sentensi nzuri kuliko zote humo."

"Niiache?"

Bi Zamzam aliketi kwenye kreti, akaulaza mkono wake mmoja juu ya goti. "Nilipigana na Shirika kwa sababu mtu mmoja, asiyenijua, alikuwa akikaa ofisini na kuamua nipate hewa kiasi gani. Ukiiacha hiyo, leo umeamua jambo jema. Lakini umeamua peke yako, na kila atakayekaa kwenye kiti hicho atajua kwamba inawezekana. Na maji yataondoka. Ukiifuta, utawaacha watu kwenye minyororo, na utakuwa umeifunga kwa mkono wako. Mimi nimeshindwa kuchagua, Mkunde. Ndiyo maana nimekuja kuona utafanyaje. Sitaigusa, wala sitakusema."

"Ipo ibara ya mabadiliko," alisema Mkunde. "Inaweza kurekebishwa. Ndiyo maana tumeiweka."

"Ipo."

"Wao waliweza, hatimaye."

Bi Zamzam alipapasa bega lake lisilo na mkono.

Mkunde alifuta sentensi ile neno kwa neno, kuanzia mwisho. Kisha akaufunga mtambo, na wajumbe waliokuwa nje wakaanza kupiga makofi, kwa maana taa za ukumbi zilikuwa zimewaka zote kwa pamoja na feni zikaanza kuzunguka.

*

Miaka mitano ya kwanza ilikuwa mizuri, na ni lazima isemwe. Koki haikufungwa kwa hasira ya mtu hata mara moja. Tufani ilikuja ikapita, na watu walikula. Mkuu wa Muungano wa kwanza alipotaka kumfunga mwandishi wa habari aliyemkashifu, Mahakama ilikataa, na mwandishi akaenda nyumbani kwa miguu yake. Mkunde ndiye aliyeandika hukumu ile. Walikuwa wamempa ufunguo wa tatu, wa Mahakama, na hakuna aliyesema hakustahili.

Mkuu wa pili alichaguliwa na Bunge, naye alikuwa Mtulya.

Mwaka huohuo paa la handaki la chini kabisa lilianguka Barafuni na kufukia watu wa pafu ambao hakuna aliyekwenda kuwafukua. Waliobaki waliweka sururu chini. Hawakuvunja kitu, hawakumpiga mtu. Walikaa tu mlangoni mwa mgodi, na Likunda alikaa mbele yao, akasema hawatashuka mpaka nguzo ziwekwe. Maji yakaanza kupungua miji yote mitatu. Kuzuia maji ya Muungano lilikuwa kosa la adhabu ya kifo; hata Mkunde aliliunga mkono siku lilipopitishwa, akimfikiria Mtulya.

Bunge likaazimia pumzi ya kiongozi wa mgomo izimwe, likageuza ufunguo wake. Mtulya akageuza ufunguo wake. Jalada likafika mezani kwa Mkunde.

Alilisoma lote. Shitaka lilikuwa sahihi, mashahidi walikuwa wakweli, utaratibu haukuwa na kasoro. Alitafuta mahali pa kushika, hakupaona, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameisuka kazi ile asiachie tundu. Basi akaandika mstari mmoja: Mahakama haitageuza ufunguo. Sababu hakuitoa, kwa kuwa katika sheria ile haikuwemo.

Mtulya alikuja mwenyewe ofisini, amezeeka, anatembea kwa fimbo. Hakukasirika.

"Dada jaji," alisema, "wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hakuna mtu aliye juu ya sheria. Miaka mitano nimeitii, na unajua nilivyokuwa. Sasa wewe unajiweka juu yake?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi nitafanya inavyosema."

Katiba ilisema kwamba jaji anayekataa kazi bila sababu ya kisheria ataondolewa na theluthi mbili ya Bunge. Kati ya viti ishirini na kimoja zilitakiwa kura kumi na nne. Mkunde alisimama ukumbini, akazisikia zikitamkwa moja moja. Saba zilitoka kwa wajumbe wa Tanuri na Bustani waliokuwa na kiu na hofu. Saba zilitoka Barafuni. Zikawa kumi na nne, wala haikuzidi hata moja.

Barafuni, kwa watu wake huru, ingekuwa na viti vinne. Vitatu vilitokana na watu wa pafu. Mkunde alipiga hesabu ile papo hapo, amesimama, na akarudia kuipiga kwa kuwa hakuweza kuacha: bila viti vile vitatu kura zisingetosha. Likunda na wenzake walikuwa wamehesabiwa, na kwa hesabu yao mjumbe wa Barafuni aliinua mkono ili Likunda afe.

Jaji mpya aliapishwa adhuhuri.

*

Mkunde alifika Barafuni kwa gari la mizigo kabla ufunguo haujageuzwa. Hakuna askari aliyemzuia. Sheria ilimruhusu mhukumiwa kuwa na wageni. Watu wa pafu walikuwa wamekaa vilevile mlangoni mwa mgodi, safu kwa safu, taa zao za kijani zinaonekana kupitia nguo. Wakampisha.

Likunda alikuwa ameketi juu ya jiwe. Dada yake, Sijaona, alikuwa amemshika mkono. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, naye mwenye pafu tangu moto uleule.

"Wamekuondoa," alisema Likunda.

"Wameniondoa."

"Kwa utaratibu?"

"Kwa utaratibu."

Alitikisa kichwa taratibu. Mkunde alipiga magoti mbele yake juu ya mchanga wa barafu. Alikuwa na maneno mengi njiani kote, na sasa yalikuwa yamekwisha.

"Niliiandika," alisema. "Ile sentensi. Ilikuwepo mtamboni. Nikaifuta."

"Ungeniambia mapema ningekuchukia," alisema Likunda. "Sasa sina muda wa kuanza." Kisha, baada ya kidogo, "Kaa. Usiwe umepiga magoti, kaa tu."

Akakaa. Likunda alizungumza na dada yake juu ya mambo ya nyumbani, mtoto wa nani ana homa, sufuria ya nani irudishwe. Alikuwa katikati ya neno taa yake ilipozimika. Safari hii hakuna aliyegusa bangili, na hakuna aliyekuwapo wa kuambiwa awashe. Sijaona alimkumbatia kwa nguvu mpaka mwili ulipoacha kupigana, na ilichukua muda kuliko Mkunde alivyodhani.

Hakuna aliyepiga kelele. Walimlaza kwenye machela, na Mkunde akashika mpini mmoja wa nyuma. Sijaona aliutoa mkono wake pale, kidole kwa kidole, bila ukali.

"Inatosha ulivyombeba," alisema. "Tuachie sisi."

Mkunde akasogea kando. Walikuwa wameshainua machela Sijaona alipogeuka.

"Hiyo sheria yenu. Inabadilishwaje?"

"Robo tatu ya Bunge."

"Na sisi humo tuna viti vingapi?"

"Vitatu," alisema Mkunde. "Lakini wanavikalia wao."

Sijaona aliwaza, uso wake umejaa vumbi na machozi. "Vitatu," alirudia, kama mtu anayejifunza neno la lugha nyingine. Akawageukia wenzake waliokuwa wameketi, akawaambia jambo kwa sauti ya chini, nao wakaanza kusimama, safu ya mbele kwanza, halafu ile ya nyuma yake, mpaka mlango mzima wa mgodi ukawa umejaa watu waliosimama. Hakuna aliyeelekea chini kwenye barafu. Walielekea upande wa barabara ya Tanuri, ambako mawimbi ya mnara yalikuwa na mwisho wake na kila mmoja wao aliujua, machela ikiwa imetangulia.

"Hamtafika," alisema Mkunde. "Mnara hausikiki huko, taa zenu zitazimika."

"Tutakaofika mpakani, wajumbe wataona tumefika mpakani," alisema Sijaona. "Watuhesabu vizuri safari hii."

Wakaanza kutembea, na Mkunde, mwenye mapafu yake mwenyewe, akafuata nyuma yao.